Kikao Katikati ya Njia ya Kurukia

Usingizi wa kuamkia leo ulinikuta nimenuna, na ndoto ikaanzia hapohapo.

Sababu ya kununa ninayo. Mimi ni katibu wa chama cha marubani binafsi cha Lemuru, watu tunaorusha vindege vyetu vidogo siku za mapumziko kutoka kiwanja cha nyasi kisicho na mnara wala mwongozaji. Anayetaka kutua hutazama mfuko wa upepo, ule wa rangi ya chungwa unaoning'inia juu ya mlingoti, akajua upepo unatoka upande gani. Ukitua upepo ukiwa mgongoni, ndege haishikiki mpaka ikutumbukize korongoni. Mfuko wetu ulichanika wakati wa masika, ukaanguka. Mpya upo ofisini ndani ya boksi, haujafunguliwa, kwa sababu kanuni yetu inasema kifaa cha uwanja hakiguswi bila uamuzi wa kamati, na kamati haijatimiza akidi tangu mvua zikatike. Mmoja ana harusi, mwingine ana mafua. Ukiwauliza wanakujibu, "Sisi tunajitolea tu, Katibu." Na leo asubuhi binti yangu Aikande anaruka peke yake kwa mara ya kwanza.

Basi ndotoni ninafika uwanjani mchana kweupe, nakuta kamati imekaa. Nikafurahi, lakini furaha haikudumu. Walikuwa wamekaa katikati ya njia ya kurukia, kwenye meza yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikamwambia Bwana Mamuya. "Mbona hapa?"

"Marahaba. Kanuni inasema vikao vitafanyika uwanjani. Kule ni ofisini. Uwanjani ni hapa."

Alikuwa amefungwa mkanda wa ndege kwenye kiti chake. Makamu wake, Bwana Hirji, naye amefungwa, kalamu mkononi. Katikati yao lilikaa boksi la mfuko wa upepo, nalo limefungwa mkanda, na glasi ya maji mbele yake.

Juu yetu injini inanguruma. Ndege nyeupe ya viti viwili inazunguka. Redio iliyokuwa mezani ikakohoa, kisha nikasikia sauti ya mwanangu.

"Lemuru, Lemuru, huyu ni Aikande. Niko peke yangu. Naomba kutua."

"Ondokeni njiani!" nikapiga kelele. "Mtoto anatua!"

Bwana Hirji akaandika. "Katibu amependekeza tuondoke njiani," akasoma kwa sauti. "Mwenyekiti, tunapokea pendekezo?"

"Hatuwezi," akasema Bwana Mamuya. "Hatujatimiza akidi. Wajumbe wanatakiwa wanne, nasi tuko watatu. Boksi ni mwalikwa."

"Basi kifungeni hicho kikao!"

"Kikao kisicho na akidi hakijafunguliwa, Katibu. Na kisichofunguliwa utakifungaje? Tunamsubiri mjumbe wa nne, mwakilishi wa wanafunzi."

"Nani huyo?"

Akanyoosha kidole juu. "Aikande."

"Aikande yuko hewani!"

"Amechelewa," akasema Bwana Hirji, na hilo nalo akaliandika.

Nilisikia hasira ikinipanda kutoka kwenye nyayo. Nikaligeukia boksi. "Wewe si ndiye mfuko wa upepo? Toka basi, upande juu!"

"Ningependa sana," likajibu boksi kwa adabu. "Lakini mimi ni ajenda ya saba. Kabla yangu kuna rangi ya mlango wa choo."

"Huoni mtoto anavyozunguka?"

"Sioni kitu, mama. Niko ndani ya boksi."

Nikageuka kutafuta ngazi, na mbele yangu haikuwa ngazi tena ila kaunta ya duka langu la dawa. Nimevaa koti langu jeupe la kazi juu ya shati la chama. Kamati nayo iko dukani, meza na mikanda na kila kitu, kati ya rafu ya dawa za kikohozi na rafu ya nepi. Ndege inazunguka chini ya dari, inaipita feni kwa uangalifu.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mtu mwembamba, mrefu, amevaa koti la mvua, nywele zimelala upande mmoja, kisha zikalala upande wa pili. Nilimjua mara moja kuwa ni Upepo.

"Unasumbuliwa na nini?" nikamuuliza, kwa mazoea ya kazi.

"Sijui ninaelekea wapi," akasema. "Zamani nikiamka nilikuwa nautazama ule mfuko wenu, najua leo ni upande gani. Siku hizi navuma kidogo huku, navuma kidogo kule, kisha nakaa kwenye jiwe. Una dawa yoyote?"

"Mwanangu yuko hewani anakusubiri wewe!"

"Nami nasubiri mfuko."

"Na mfuko unasubiri kikao," likasema boksi.

"Na kikao kinamsubiri binti yako," akasema Mwenyekiti, akiridhika. "Unaona? Kila mtu anafanya sehemu yake. Halafu usisahau, Katibu, hapa sote tunajitolea."

Neno hilo ndilo lililoniwasha. Nikavua koti la kazi, nikalitupa juu ya kaunta.

"Kujitolea!" nikasema. "Nani aliwalazimisha? Mliomba wenyewe hivyo viti. Mkapigiwa makofi, mkavaa shati lenye mistari mabegani, mkapiga picha mmeegemea ndege za watu. Sasa kazi ikija, mnajitolea tu! Mtu akijitolea kupika shughuli, hawaachi wageni na njaa hadi jioni akawaambia washukuru hata moto uliwashwa. Si bora angekataa tangu mwanzo, akapika mwingine?"

Bwana Mamuya alinitazama kwa huruma nyingi. "Hoja nzito," akasema. "Iingie kwenye mengineyo."

Redio ikakohoa tena. "Lemuru, mafuta yanapungua." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo, kama alivyokuwa akiniita usiku alipokuwa na homa utotoni. "Mama, upepo unatoka wapi?"

"Kwenye redio hakuna mama," akasema Bwana Hirji akiandika. "Kuna kituo."

Nikashika kipaza sauti. Mtoto ameniuliza jambo moja tu, na sina jibu la kumpa. Niliona uchungu na aibu, na zaidi ya vyote niliona ghadhabu, maana jibu lenyewe lilikuwa limekaa pale mezani linakunywa maji.

Nilipoinua macho, pale inapokaa kalenda ya dukani palikuwa na ukuta wa chumba chetu cha chai. Kila rubani wa Lemuru anaujua ukuta huo. Mwanafunzi akiruka peke yake kwa mara ya kwanza akatua salama, tunamkata shati nyuma, kipande tunakipigilia msumari ukutani na jina lake. Mkasi wa kazi hiyo hutundikwa hapohapo. Nikaunyakua.

Ukagoma kufunguka.

"Mimi hukata shati la anayeruka peke yake," ukasema mkasi. "Wewe nilishakukata. Kipande chako kile pale, chenye doa la chai."

"Hebu itazame kamati hii," nikauambia. "Kisha uniambie kama siko peke yangu."

Mkasi ukaitazama. Ukamtazama Mwenyekiti na mkanda wake, ukamtazama Makamu anayeandika kuwa anatazamwa, ukalitazama boksi. Ukafikiri kwa makini.

"Uko peke yako," ukasema, ukafunguka.

Ninakata mkono wa kulia wa shati langu la chama, kuanzia begani. Kitambaa hakilii, kinakubali. Duka limeondoka. Niko juu ya mlingoti, ngazi siioni, chini yangu uwanja wote na ile meza ya kijani. Ninafunga mkono wa shati kwa kamba ya kiatu changu, mafundo matatu, huku Bwana Mamuya akiniita kutoka chini.

"Katibu! Mkono huo haujapitishwa!"

Upepo akapanda mlingoti kama mtu anayepanda kitandani. Akaingiza uso wake ndani ya mkono wa shati, akanusa.

"Ahaa," akasema. "Mashariki. Mbona hamkusema?"

Akavuma. Mkono ukajaa, ukanyooka sawasawa kuelekea magharibi, hadi kishikizo cha kwenye kiwiko kikakaza. Chini, kitambaa cha meza kiliruka, glasi zikapinduka, na viti vikaanza kurudi nyuma vyenyewe, kamati ikiwa imefungwa mikanda, mpaka kwenye majani marefu. Bwana Hirji hakuacha kuandika. Boksi lilipinduka, na kutoka ndani nikasikia sauti ikiuliza kama ajenda ya saba imefikiwa.

"Upepo unatoka mashariki, mwanangu!" nikapiga kelele, bila redio. "Njoo!"

Ndege nyeupe inapinda kule mbali, inakuja kutoka magharibi, pua imeuelekea upepo. Mabawa yanatikisika kidogo, yanatulia. Magurudumu yako kimo cha goti juu ya nyasi.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Bafuni Aikande anaoga na kuimba, hana habari. Nilikaa kitandani bado nimefura, nikitafuta wa kumgombeza, macho yakatua kwenye shati langu la chama. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango nilipoliacha, limepigwa pasi, lina mkono mmoja.

Niliangalia chini ya kitanda. Niliangalia kwenye kapu la nguo chafu. Kiatu changu cha kushoto hakikuwa na kamba.

Simu ikalia. Ni Mwenyekiti.

"Shikamoo, Bwana Mamuya."

"Marahaba. Katibu, niko uwanjani." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. "Kuna mkono wa shati juu ya mlingoti. Umefungwa mafundo matatu. Nataka kujua ni kikao gani kiliupitisha."

"Umenyookea wapi?" nikamuuliza.

"Sikuuliza hilo, mimi naul—"

"Tazama, Mwenyekiti. Umenyookea wapi?"

Akainua uso. Nikausikia upepo kwenye simu ukivuma.

"Magharibi," akasema.

"Basi upepo unatoka mashariki. Aikande anaruka asubuhi hii." Nilikuwa nimeshasimama, nalivaa lile shati. "Ondokeni njiani."