Barafu ya Nyarutarama

Keith alimwita kwa kupiga makofi mawili, kama anavyomwita kila mtu. Mukashema alikuwa chini ya meza akibandika nyaya kwa selotepu, na hakuitika. Kwao Gitega, mtaa wa Kigali, makofi ya namna hiyo ni ya kufukuzia kuku.

"Mukashema! Kamera ya chini iko tayari?"

"Iko tayari zamani, bosi."

"Basi ishushe tena. Iwe usawa wa goti. Mutu akianguka, nataka kuona meno yake."

"Leo wachezaji hawaanguki. Hukuwaona juzi? Wameshazoea."

Keith alitabasamu bila kuinua macho kwenye simu yake. "Tutaona," alisema, akaenda zake.

Hema lilikuwa limesimikwa kwenye bustani ya jumba la kukodisha huko Nyarutarama, mtaa wa matajiri, juu kidogo ya ziwa, na joto lilikuwa limeanza kujaa ndani yake. Katikati palikuwa na sakafu nyeupe ya plastiki, iliyoungwa vipande vipande, ambayo mtu akivaa viatu vyenye chuma kikali chini anateleza juu yake kama yuko kwenye barafu Ulaya. Barafu halisi Kigali utaikuta kwenye masanduku ya wauza samaki, na huko nako bei ya umeme imeifanya iwe ya kuhesabu mabonge. Keith aliileta sakafu hiyo kwa ajili ya idhaa yake ya mtandaoni. Ni Mnyarwanda aliyekulia Kampala, mwepesi wa kucheka na wa kuahidi, na alikuwa ametafuta watu wa kuchezea juu yake hoki ya barafu, mchezo ambao wengi wa majirani zake wanaujua kwa kuusikia tu.

Akawapata vijana wa Gitega. Wao walianza kuucheza barabarani, zile Jumapili jiji linapofunga njia kwa magari na kuwaachia watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Walivaa viatu vya magurudumu, wakachonga magongo wenyewe, na kile kisahani wanachokipiga walikikata kwenye tairi la lori. Magari yakirudi barabarani, mchezo umekwisha. Hawakuwa na mahali pengine.

Siku yao ya kwanza juu ya plastiki walianguka kama mahindi yaliyomwagika kutoka kwenye gunia. Keith aliirusha ile video na dunia ikacheka. Ikacheka Brazili, ikacheka Uholanzi, ikacheka mpaka Kagugu hapa hapa Kigali, ambako mteja mmoja wa Mukashema alimpigia simu kumuuliza kama ni kweli wale watu walilewa. Mukashema ndiye aliyeipiga video hiyo. Arusi zilikuwa zimepungua. Bei zilipopanda, watu walibakiza kuku na soda wakamfuta mpiga picha, kazi akapewa binamu mwenye simu nzuri. Kwa hiyo kazi ya Keith ilikuja wakati sufuria inalia.

Lakini leo ilikuwa siku nyingine. Bwana Gasana, ofisa wa michezo, ndiye mwenye funguo za uwanja wa zamani wa kikapu pale Gitega, uliofungwa kwa mnyororo tangu mvua ilipong'oa bati la choo chake. Vijana walimwomba uwanja huo mara nyingi. Mwisho aliwaambia, "Mchezo unaochekesha watu siwezi kuupa uwanja wa serikali. Nionyesheni mechi." Keith naye akaahidi kuirusha mechi nzima mubashara, kwa majina yao na mabao yao. Basi leo, wakicheza kama wanavyojua kucheza, uwanja ni wao. Ndivyo walivyoambiwa.

Illuminée, golikipa, aliingia hemani akihema. Hakutoka mbali, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja hapo chini ya kilima, na mikono yake ilikuwa bado inanuka jiki. Kwapani alibeba kofia ya moto, ile ngumu ya kupandia pikipiki.

"Ya nani hiyo?" Mukashema aliuliza.

"Ya kaka yangu wa mama mudogo. Ile ya abiria. Leo asubuhi hawezi kubeba mutu bila kofia, polisi watamukamata." Aliivaa, akafunga mkanda wake chini ya kidevu. "Nimemuambia avumilie. Tukipata uwanja, nitamununulia soda."

"Nyumbani wamekuruhusu?"

"Mpaka wakati wa kupika. Gasana amekuja?"

"Yule pale, anakunywa juisi."

Illuminée alimtazama yule bwana aliyeketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, akashusha sauti. "Sha, Mukashema, leo usituonyeshe miguu tu. Onyesha na sura. Mama yangu akiona, ajue ni mimi."

"Nitakuonyesha mpaka uchoke."

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Timu mbili, wote watu wa mtaa mmoja, ziliingia kutoka pande mbili. Kagabo, nahodha, fundi wa kuziba matairi mwenye mabega mapana, alitangulia mbio akiwa ameinama, gongo mbele, kama alivyozoea. Alifika katikati, miguu ikapaa yote miwili. Alishuka kwa mdomo. Aliyekuwa nyuma yake akampanda, wa tatu akaenda kujigonga kwenye ubao wa kando ya sakafu. Golini, Illuminée alipiga hatua moja akaanguka chali, akateleza na kofia yake ya moto mpaka karibu na miguu ya wageni walioalikwa na Keith.

Hema lililipuka kwa kicheko. Bwana Gasana alimwaga juisi.

"Shuka!" Keith alimpigia kelele Mukashema kwenye kisikilizio cha sikioni. "Shuka kwa sura ya ule jamaa! Anatoka damu, mana yanjye, shuka!"

Mukashema alivuta lenzi karibu. Aliona mdomo wa Kagabo uliopasuka, na chini ya kidevu chake, juu ya plastiki, mapovu. Mapovu madogo madogo yenye rangi za upinde wa mvua. Ndipo na pua yake ilipoipata harufu: limau. Sabuni ya kuoshea vyombo. Alikasirika. Alikasirika mpaka meno yakamuuma.

Wapiga picha za arusi wa Gitega wana adabu yao, ambayo hakuna shule inayoifundisha. Bibi arusi akikanyaga gauni akayumba, wigi la shangazi likidondoka wakati wa kupokea zawadi, baba mkwe akisinzia, lenzi inageuka taratibu kuelekea kwenye maua. Inakaa kwenye maua mpaka mtu aliyefikwa ajikusanye. Funika kombe mwanaharamu apite. Na familia ikija kutazama kanda ile haimwambii mpiga picha asante, lakini mwaka unaofuata inamwita tena. Mukashema alijifunza hivyo kwa mzee wake wa kazi na hakuwahi kuuliza kwa nini.

Mkono wake ulikwisha kuanza kugeuza kamera kutafuta maua. Lakini hapakuwa na maua. Na hata yangekuwepo, aibu hii haikuwa ya Kagabo.

Basi aliigeuza lenzi polepole, akaufuata ule unyevunyevu juu ya plastiki, kutoka kwenye mdomo wa Kagabo, ukapita golini, ukapita chini ya ubao, mpaka nyuma ya kiti cha Keith. Hapo palikuwa na kidumu cha njano kisicho na kifuniko. Kando ya kidumu, viatu vyeupe vya Keith vina povu mpaka kwenye kamba. Mukashema akapandisha lenzi: suruali, mkanda, uso. Akatulia hapo.

"Unafanya nini?" alisema Keith. Sauti yake ilitoka sikioni na hewani kwa pamoja. "Toa kamera kwangu!"

"Ulitaka kuona meno, bosi."

"Mukashema, banange, nitakufukuza sasa hivi!"

"Nifukuze. Tuko laivu."

Keith aliinuka na mkono umeinuliwa, akatupia jicho simu yake, na mkono ukabaki juu. Watazamaji walikuwa wanapanda. Wanapanda kuliko siku ile ya kwanza. Watu wa Brazili na Uholanzi walikuwa wanatukana kwa lugha zao zote, na kila tusi lilikuwa ni mtazamaji. Uso wa Keith ukabadilika mbele ya kamera, kutoka hasira hadi hesabu.

"Endelea," alinong'ona. "Endelea, inapanda."

Hilo lilimuuma Mukashema kuliko kufukuzwa. Alitamani kuipiga kamera teke.

Illuminée ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alifungua kofia, akakwangua sakafu kwa kucha, akanusa kidole. Kisha akageukia wahudumu wa jumba lile waliosimama mlangoni na sinia zao.

"Munatazama nini? Leteni racleti! Zote! Na maji mengi!"

Wahudumu wakaangaliana, wakaangalia Keith, wakaenda mbio. Walirudi na zile fimbo zenye raba ambazo kila nyumba ya Kigali inazitumia kukaushia sakafu, na ndoo, na matambara. Kagabo alitema damu, akashika racleti yake. Timu zote mbili zilijipanga mstari mmoja zikaanza kusukuma povu kutoka ukuta hadi ukuta, na wahudumu wakaingia na viatu vyao vya kazi kuwasaidia. Hakuna aliyecheka tena. Mukashema aliwapiga wote, mmoja mmoja, sura kwa sura.

Sakafu ilipokauka, Illuminée aliijaribu kwa chuma cha kiatu, akavaa tena kofia. "Sasa iko sawa," alisema. "Tucheze."

Na wakacheza. Ee, wakacheza! Kagabo alikata kona akiwa amelala ubavu, kisahani kikimfuata gongo kama kimefungwa uzi. Pasi zilikwenda bila mtu kuinua kichwa, maana watu waliocheza pamoja kati ya mashimo ya barabara wanajuana. Shuti la kwanza la Kagabo, Illuminée alilizuia kwa bega, la pili kwa ile kofia ya abiria, na mlio wake ulisikika mpaka nje.

Bwana Gasana alikuwa ameshasimama, anajifuta juisi kwenye tai.

"Muyobozi," Mukashema alimwita kwa heshima ya kiongozi, bila kuacha kamera, "kaa basi. Mechi ndiyo kwanza inaanza."

"Mimi nimeona nilichoitiwa."

"Uliitiwa mechi."

"Nimeona watu wanaanguka, nimeona watu wanadeki." Aliongea kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. "Burudani nzuri sana. Mwambie bosi wako asante kwa juisi."

"Na uwanja wetu?" Kagabo aliuliza kwa sauti kutoka katikati ya sakafu. Mchezo ukasimama.

"Uwanja una utaratibu wake, kijana."

"Tufuate utaratibu gani tena? Ulisema tucheze. Tunacheza. Geuka utazame!"

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini Bwana Gasana hakugeuka. Aliinama kupita mlango wa hema, na muda si mrefu gari lake likasikika likishuka mlimani.

Keith alikuwa anakuna kichwa. "Wanaondoka," alisema, akimaanisha watazamaji. "Hakuna anayeanguka, wanaondoka. Imetosha. Zima."

"Mechi haijaisha," alisema Mukashema.

"Nimesema zima! Hakuna anayetaka kutazama kitu hii."

"Hawa wachezaji wanataka."

Keith alikwenda kwenye meza, akainama, akang'oa waya ambao Mukashema mwenyewe aliubandika kwa selotepu asubuhi ile. Taa nyekundu ikazimika. Kisha akazima na taa za hema, na weupe wote wa sakafu ukawa kijivu.

"Nendeni nyumbani," aliwaambia wachezaji. "Kazi imeisha."

Hakuna aliyesogea. Illuminée alisimama golini, na kila mtu mle ndani aliyejua kazi yake alijua kwamba wakati wa kupika ulikwisha kupita.

"Mabosi wangu watakula mukate leo," alisema. "Kagabo, fungua hema."

Kagabo alitelezea pembeni, akashika turubai akalikunja juu. Wenzake wakafanya hivyo upande wa pili, na jua la Nyarutarama likaingia lote bila kulipiwa. Mukashema alivua kisikilizio, akakiweka kwenye mkono wa Keith kama mtu anayerudisha chenji. Akatoa simu yake mwenyewe. Kioo kilikuwa na ufa na kifurushi cha intaneti kilikuwa chembamba, cha kutumia mpaka Ijumaa. Alifungua ukurasa wake wa arusi, ambao wafuasi wake wote ni shangazi na mama wadogo wa Gitega wanaosubiri picha za ndugu zao, akabonyeza mubashara.

Mtu mmoja akaingia. Akaingia wa pili. Maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo. Asalamu alaykum mwanangu, leo arusi ya nani? Mbona wote wamebeba magongo? Na huyu aliyevaa kofia ya moto, ndiye bibi arusi?

"Zima hiyo simu," alisema Keith. "Hapa ni kwangu."

Mukashema alishuka juu ya sakafu na viatu vyake vya kawaida, akatembea kwa tahadhari mpaka karibu na goli, mahali ambapo Keith, na viatu vyake vyenye povu, hakuthubutu kumfuata. Akainua simu mpaka uso wa Illuminée ukajaa kwenye kioo.

"Siyo arusi, mashangazi," alisema kwa sauti ili hema lote lisikie. "Huyu ni Illuminée, golikipa, wa hapo hapo Gitega, nyuma ya duka la mkaa. Mwiteni mama yake. Na yule anayekuja na mbio ni Kagabo. Tulieni, mtazame golikipa wenu atakavyomzuia."