Ng'ombe wa Ambindwile

Huku Lufingo ukipewa ng'ombe wa mtu umfugie, unapewa na kazi ya kufunga mdomo. Maziwa utakunywa, siku moja utapata hata ndama, lakini mwenyewe humtaji. Mtu akiuliza, ng'ombe ni wako, basi. Ambindwile alimficha ng'ombe wake kwa Bibi Sekela baada ya msiba wa baba yake, maana mdogo wake, Andrea, alikuwa akidai mgawo wa urithi. Andrea hakujua kama ng'ombe huyo yupo.

Bibi Sekela anaishi na mjukuu wake, Tulinagwe, aliyeongoza darasa la saba shuleni kwao. Sekondari ya kata iko ng'ambo ya bonde, mbali mno kwenda na kurudi. Wasichana hupanga vyumba kule, wanajipikia, na wengi wanarudi na mimba. Bibi hana hata kodi ya chumba hicho. Basi shirika moja liliposema litamsomesha bweni mtoto wa kaya maskini kuliko zote, kijiji hakikubishana. Kila mtu alimtaja Tulinagwe.

Akaja kijana wa shirika, Hezron, mpole, buti zimejaa tope. Utaratibu wao ni kuhoji familia mbele ya majirani ili wasidanganywe. Sijui nani aliwaambia kwamba watu wakiwa wengi ndipo husema kweli! Wakakaa uani, Ambindwile na Andrea kwenye benchi moja bila kutazamana, Bibi kwenye kigoda na khanga yake ya kanisani. Hezron alipewa maziwa mgando, akanywa, akasifu, kisha akageuka kutazama bandani.

“Bibi, ng'ombe huyu ni wako?”

“Ni wangu, mwanangu.”

“Bibi!” Tulinagwe akasema.

“Nyamaza. Wakubwa wanaongea.”

Hezron akawageukia majirani. “Jamani, ni kweli?”

Hapo ndipo mtu mzima mwenye haya angesema neno. Ambindwile alikohoa, akamtupia mdogo wake jicho, akajibu, “Ni kweli. Ng'ombe ni wa bibi.”

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alipigiwa simu. Nafasi imekwenda kwa mtoto wa Matwebe, kaya isiyo na mfugo hata kuku. Mtoto yule naye ana shida zake, simsemi. Lakini Tulinagwe alijifungia ndani na kulia mpaka sauti ikamkauka.

Bibi akaenda kwa Ambindwile. Alimkuta sebuleni akimfungia binti yake, Doreen, sanduku la bati, na godoro jipya likiwa bado kwenye nailoni. Doreen alikuwa anakwenda shule ya kulipia, Mbeya.

“Mpigie yule kijana,” Bibi akasema. “Mwambie ukweli.”

“Nikimwambia yeye, kesho Andrea ananipeleka barazani. Unataka niharibikiwe, bibi?”

“Mtoto wangu ameshaharibikiwa.”

“Umenitunzia vizuri. Ndaga fijo,” akamshukuru. “Ndama atakayezaliwa ni wako.”

Bibi angeweza kupiga kelele pale pale. Angeweza kupitia kwa Andrea, nyumba ya tatu tu kutoka hapo, akamwaga kila kitu. Hakufanya hivyo. Maisha yake yote amesifiwa kuwa mtu wa kuaminika, na sifa hiyo ndiyo mali pekee aliyonayo. Inaniuma kusema, lakini aliilinda kuliko mjukuu wake.

Shule zilipofunguliwa, gari lililombeba Doreen lilipita barabara ya juu. Tulinagwe alikuwa migombani akikata majani. Bibi akamfuata na kikombe cha maziwa.

“Nilimtunzia mtu siri, mwanangu. Sisi tumelelewa hivyo.”

“Na mimi nani alinitunza, bibi?”

Bibi akasimama na kikombe chake. Tulinagwe alimpita, akajitwika mzigo wa majani, akaenda kumlisha ng'ombe.