Kitanda cha Mgongo wa Mama

Komeo la mlango lilikuwa juu kabisa, mahali ambapo hakuna hata mmoja wa wenye chumba aliyeweza kulifikia. Bibi harusi aliliona siku ya kwanza tu alipoingia mle na kiti chake cha magurudumu, akacheka. Kufikia mwezi wa pili alikuwa hacheki tena.

Mama mkwe aliingia alivyotaka. Aliingia na beseni, akaingia na chai, akaingia kutafuta miwani ambayo tayari ameivaa. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana mtu mbaya unamjibu yakaisha. Tangu mwanawe aanguke kutoka juu ya paa akabaki na kichwa, mabega na sauti, ni yeye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza ubavu. Chumba kile alikijua kama jiko lake, na nani hupiga hodi jikoni kwake?

Sauti hiyo iliyobaki ndiyo iliyoleta ndoa. Kijana alirekodi matangazo ya maduka kwa simu iliyofungwa kwenye chuma kando ya mto wake, na mtaa mzima ukamwita Mtangazaji. Mshonaji mmoja asiyetembea, mwenye ulimi mwepesi na mikono iliyokomaa kwa kuzungusha cherehani ya mkono kutwa nzima, alimpa kazi ya kutangaza kibanda chake. Kila tangazo likiwa tayari, kulikuwa na neno moja la kurekebisha. Walirekebisha na kurekebisha mpaka wakaoana. Yeye akamwita mkewe Fundi.

Sasa Fundi alilala kwenye kitanda chake ukutani huku, Mtangazaji kwenye chake ukutani kule, na katikati ikaachwa njia ya mama kupita. Waliongea kwa kupaza sauti kama majirani waliotenganishwa na ua. Watu walikuwa wamekula harusi yao wakashiba, na wao wenyewe hawakuweza kushikana mkono bila kuomba kusogezwa.

Asubuhi moja kibandani, Fundi akiwa amezungusha tepu kwenye kiuno cha mteja, yule mteja aliinama akamnong'oneza.

"Pole, dada yangu. Nasikia bado mnalala mbalimbali."

"Umesikia wapi?"

"Si mama mkwe wako? Anawaonea huruma tu, masikini."

Fundi alijitia hamnazo, akamaliza kupima, lakini damu ilimchemka. Mambo ya chumbani kwake yalikuwa yanazunguka mtaa mzima kwa miguu, na yeye mwenyewe hajayapa ruhusa hata ya kuvuka kizingiti.

Jumapili alikuja shemeji, kaka mkubwa wa Mtangazaji, mtu wa kukaa katikati ya kochi na kuweka funguo za gari mezani zionekane.

"Nimeongea na wazazi wa shemeji," alisema. "Mama anachoka. Alikuwa na mgonjwa mmoja, sasa anao wawili. Si kwa ubaya. Shemeji arudi kwao, ndoa ibaki palepale, mtakuwa mnatembeleana. Alhamisi nitakuja na gari kuchukua vitu vyake."

"Na mimi mliongea na mimi lini?" Mtangazaji aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Au mlipita mkakuta nimetoka?"

"Usichukulie hivyo, mdogo wangu. Mkeo hawezi hata kukugeuza."

Hilo lilikuwa kweli, na Fundi alilichukia zaidi kwa sababu lilikuwa kweli.

Kesho yake, mama mkwe alipokwenda sokoni, Fundi alisogeza kiti mpaka kitandani kwa mumewe. Alikuwa na ubao wake laini, ule anaoulaza kati ya kiti na kitanda akateleza juu yake kwa nguvu za mikono. Kwenye kitanda chake mwenyewe huvuka huku anaimba. Kwa mumewe ubao ulisimama kama ngazi. Alijisukuma, akapanda nusu, ubao ukageuka, akaenda chini mzima mzima.

"Fundi?" Mtangazaji aliyekuwa akiona dari tu aliita. "Fundi! Sema kitu basi!"

"Niko hai," Fundi alisema kutoka sakafuni, na akamsikia mumewe analia kwa kushindwa kumfikia.

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyowakuta. Hakumgombeza. Alimwinua huku anaguna, akampangusa vumbi, akasema, "Unaona sasa?" Maneno hayo yalimuuma kuliko nyonga.

Siku ile Fundi hakutulia. Alizungusha magurudumu kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, mpaka Mtangazaji akamwambia atachimba sakafu. Mwishowe akachomoa tepu shingoni, si kwa kuwa alikuwa na wazo, ila kwa kuwa mikono yake ilitaka kazi. Akapima kiti chake kutoka chini. Akapima kitanda cha mumewe. Kitanda kilikipita kiti kwa shibiri nzima.

Nani hutengeneza kitanda kirefu hivyo? Jibu alilijua, maana mama mkwe alilisimulia kwa fahari kila alipopata mgeni: seremala alikuja akampima yeye, ili asiwe anainama. Fundi aliitazama tepu muda mrefu. Mikono yake haikuwa na kosa lolote. Kitanda cha mumewe kilikatwa kwa kipimo cha mgongo wa mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi seremala aliyeitwa na Fundi akafika na msumeno. Mtangazaji alikuwa ameshahamishiwa kwenye kiti. Mama mkwe alisimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni.

"Hiki hakiguswi."

"Mama, nataka kumfikia mume wangu mwenyewe," Fundi alisema.

"Na ukianguka tena? Ukivunjika?"

"Nikianguka nitakuita, mama. Nisipoanguka, nisikuite."

"Na mimi niwe nainama mpaka chini kumwosha, kwa mgongo huu?"

"Usiiname, mama," alisema Mtangazaji. Hakutumia sauti yake ya matangazo. "Wa kuniosha tutamtafuta, tumlipe. Kunigeuza atanigeuza mke wangu. Wewe uwe unakuja tupige soga."

Mama mkwe alishika ukingo wa kitanda. "Soga," alisema. "Miaka yote hii, leo nije kwa soga kama mpita njia."

Seremala alijifanya anakagua meno ya msumeno. Fundi alimwonea huruma yule mama, huruma ya kweli, na bado hakubadili nia. Akamwambia seremala aanze.

Seremala alikuja peke yake, na kitanda kilikuwa cha mbao ngumu. Aliinua upande mmoja akauegemeza kwenye stuli, akaanza kukata. Kipande cha mguu wa kwanza kikatoka. Kwenye wa pili stuli ikateleza, kitanda kikayumba, na mama mkwe akakidaka kabla hajaamua kama anakubali au anakataa. Akabaki amekishikilia, amenuna.

"Kata basi, unaniangalia nini?" alimfokea seremala. "Na usiniachie mguu mmoja mfupi, mwanangu akaja akabiringika."

Alikishikilia hadi mguu wa mwisho.

Mchana, Mtangazaji alipokwisha kurudishwa kitandani, Fundi alisukuma mlango ukafungika. Komeo aliliacha huko huko juu. Akalaza ubao. Safari hii ulilala sawa. Kiganja kilimteleza kwa jasho, akapumzika katikati, akajivuta, akajivuta tena, na shuka la mumewe likawa chini yake. Akaivuta miguu yake mmoja mmoja. Kisha akashika bega la mumewe na nyonga, akamgeuza, polepole, mpaka wakatazamana.

"Kumbe una kovu hapa," Mtangazaji alisema.

"Kumbe wewe una mvi."

Ndipo gari likanguruma nje. Hatua nzito zikaja moja kwa moja ukumbini, na kitasa kikazunguka. Fundi alimng'ang'ania mumewe. Hakuwa na pa kwenda wala namna ya kwenda upesi.

"We!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe. "Hodi umeiacha wapi?"

"Ah, mama!" shemeji alisema. "Wewe mwenyewe umewahi kupiga hodi kwenye mlango huu?"

Kitasa kikarudi mahali pake. Kisha mlango ukagongwa taratibu, kama anavyogonga mtu asiyejua mlango wa kwake mwenyewe hugongwaje.

"Hodi," alisema mama mkwe.

Fundi alimtazama mumewe akiogopa ataitikia kwa mazoea. Tangu Mtangazaji aanguke kutoka paani, hakuna mtu aliyewahi kumwomba ruhusa ya kuingia alipo.

"Bado, mama," Mtangazaji alisema.

Nje kiti kikaburutwa.

"Umesikia," mama mkwe alimwambia mwanawe mkubwa. "Wamesema bado. Kaa hapo na funguo zako."