Maneno Matano ya Reino

Kaisa Lahtinen alianza kumpima baba yake ubongo kwa utani tu. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea sayansi ya ubongo, maana ndiyo njia waliyoishika wengi waliotamani kuingia chuo cha udaktari. Kila mwisho wa juma alipanda basi kurudi kwao, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota. Safari moja alibeba kwenye begi karatasi ya kupimia kumbukumbu aliyoichukua maabara. Karatasi zile hazikuruhusiwa kutoka. Kaisa akasema moyoni, ni moja tu, nani atazihesabu?

Alitaka kuuzoeza mkono wake, na mgonjwa wa karibu alikuwa baba yake, Reino.

"Nakutajia maneno matano, uyashike. Kijiko, daraja, sungura, bluu, uzi."

"Sungura amefuata nini kwenye daraja?" Reino aliuliza. "Ana kibali?"

"Baba, usinichekeshe. Chora saa. Iwe saa tisa kasorobo."

Akachora. Baada ya dakika tano akaulizwa yale maneno, akakosa mawili. Basi yule mzee hakulala vizuri. Reino alikuwa mtu asiyekubali kushindwa hata kwenye karata za kanisani. Jumapili iliyofuata alimpokea bintiye mlangoni, theluji ingali mabegani mwake: "Daktari wangu wa rejareja! Kijiko, daraja, sungura, bluu, uzi. Lete lingine!"

Ikawa desturi ya nyumba. Walikula, wakanywa kahawa, karatasi ikatoka. Lorna, mama yake Kaisa, alikuwa akiosha vyombo na kuguna: "Wenzenu wanaangalia mpira, nyie mnafukuza sungura." Mwaka ukaisha, na wa pili nao ukaisha. Kaisa akawa na mkono mwepesi wa kupima, na Reino akawa hakosi hata neno.

Chuoni, profesa aliwaambia jambo moja: ukimpima mtu yuleyule kwa karatasi ileile mara nyingi, mwisho wake unapima karatasi, humpimi mtu. Atakuwa ameikariri. Ubongo unaweza kuoza chini yake na yale majibu yakabaki juu, kama barafu ya ziwa mwezi wa nne: ukiitazama ni nzima, ukiikanyaga huna mguu. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Kaisa akaliandika vizuri, akapata alama zote, wala hakukumbuka meza ya jikoni kwao.

Mwaka wa nne, majani yalipoanza kupukutika, Reino alitia chumvi kwenye kahawa akainywa yote bila kukunja uso. Viatu vyake vilikutwa ndani ya oveni. Siku moja alitoka kwenda kwa dada yake, njia aliyoipita miaka thelathini, akapiga simu kutoka mji mwingine kabisa akisema wamehamisha barabara.

Na Reino alikuwa dereva wa lori la kusukuma theluji barabarani. Majira ya baridi yalikuwa yanabisha hodi.

Lorna akampeleka kwa daktari Ostby, zahanati ya pale mjini. Ostby ndiye aliyemruhusu Kaisa kumfuata nyuma akitibu, likizo mbili mfululizo, na ndiye aliyeahidi kumwandikia barua ya kumpendekeza chuo cha udaktari. Pasipo barua ya daktari, maombi ya mwanafunzi ni kama mlango usio na kitasa.

Jumamosi ile walirudi Reino anacheka tangu garini.

"Ishirini na tisa kati ya thelathini! Ostby anasema yeye mwenyewe hafiki hapo. Mama yako alitaka kunizika mapema."

"Alikupima kwa maneno gani, baba?"

"Unayajua, bwana." Akayataja yote matano, mbiombio, kidole kikigonga meza.

Kaisa akaelewa. Karatasi ni ileile. Baba hakupona, baba alifundishwa, na mwalimu ni yeye.

Alitoka nje uani, akampigia Ostby. Kabla hajasema neno, daktari akamtangulia.

"Kaisa! Nilikuwa nakuwaza wewe. Barua yako naituma Jumanne ya wiki ya pili. Nimeandika sijapata kuona mwanafunzi mwaminifu kama wewe. Enhe, ulikuwa unasemaje?"

Akasimama na simu sikioni. Kusema ni kusema aliiba karatasi, tena aliichezea nyumbani.

"Nilitaka kushukuru tu, daktari."

Aliporudi ndani alimvuta mama yake kando. "Mama, baba asiendeshe kwanza."

"Daktari kasema mzima. Wewe umekuwa daktari kuliko daktari?"

"Asubiri kidogo tu."

"Nilimpeleka mimi, Kaisa, kwa hofu zangu. Nimeambiwa nitulie. Niache nitulie."

Kaisa akaona, barua ikishatumwa atasema. Siku kumi. Theluji bado.

Jumanne hiyo barua ilitumwa. Jumatano Kaisa alikuwa na mtihani wa kemia, akasema atapiga simu Ijumaa kichwa kikitulia. Usiku wa Jumatano theluji ikaanguka.

Alhamisi asubuhi mjane mmoja, Bi Hjordis Engen, alitoka kwenda kuchukua gazeti lake kwenye sanduku la kando ya barabara. Reino alikuja na lori upande usio wake, likampitia. Hakusimama. Alimaliza barabara yote, akalirudisha lori yadi, akaenda nyumbani kunywa kahawa. Polisi walipogonga aliwakaribisha mezani, akawauliza wanatumia sukari.

Kaisa alifika jioni. Alimkuta mama yake akimenya viazi vya sinia la msibani, maana pale mtu akifa kila nyumba hupeleka chakula kanisani, hata nyumba iliyomuua. Reino alikuwa kitini akitazama dirisha. "Theluji hiyo," alisema. "Na mimi sijatoka bado."

Kaisa akapiga magoti kando ya ndoo ya maganda, akamweleza mama yake yote: karatasi, maneno, simu, barua. Kisu cha Lorna hakikusimama.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, mama."

"Tangu siku ile uani."

"Ndiyo."

Lorna alimenya kiazi kingine mpaka kikabaki kidogo kama jiwe la kombeo.

"Hjordis ndiye aliyekushika ubatizoni," alisema. "Barua imeshafika?"

"Imefika."

"Basi usinililie hapa. Nenda kasome. Angalau hicho kiwepo."

Kaisa hakumwambia Ostby, wala mtu mwingine. Ostby naye aliacha kuhudhuria kanisani. Watu walisema anaona aibu kwa kutoutambua ugonjwa.

Mwezi wa tatu chuo cha udaktari kilimjibu Kaisa kwamba amekubaliwa. Siku hiyohiyo alikwenda kumtazama baba yake kwenye nyumba ya wagonjwa wa kusahau. Alikuwa amekonda, sweta amevaa nje ndani. Alimtazama bintiye kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni wa chumba cha jirani.

"Ni mimi, baba. Kaisa."

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Akavuta kiti, akakaa. Alitaka kumwambia habari za chuo. Alifungua begi atoe barua, na Reino alipoona karatasi ile nyeupe mkononi mwake, uso ukawaka. Alikaa wima. Kidole kikaanza kugonga mkono wa kiti.

"Kijiko," alisema. "Daraja. Sungura. Bluu. Uzi."

Akamkazia macho, akingojea.

Kaisa aliikunja barua ikawa ndogo, ikaingia kiganjani.

"Yote, baba," alisema. "Umepata yote."