Dorina Hakuwa Shangazi

Mjukuu wangu Rispah anasoma chuo pale Parramatta, huku ng'ambo tunakoishi. Jumapili tumetoka kanisani, nikamkuta kwa meza, akafunga kompyuta haraka.

"Unaficha nini, mama?"

"Assignment tu, Babu. Utakasirika."

Nikavuta kiti. Akanisomea, macho chini. Ati Ugiriki ya zamani, mke wa mtu hakuketi na wageni wa bwana yake. Lakini kulikuwa na wanawake wa kulipwa, wale sisi tunaita malaya, na hao walikula na wanaume, wakaimba, wengine hata wakabishana nao mambo ya elimu.

Miaka sitini nimeambia watu nililelewa na shangazi.

"Hakuwa shangazi," nikamwambia. "Aliitwa Dorina. Makarani wa Kitale walikuja kwake na kumlipa, na kwa hao alijifunza kusoma gazeti. Hizi herufi chache niko nazo, ni yeye alinipa. Na uji pia. Halafu mimi, mzee wa kanisa mzima, nimekuwa nikimwonea haya."

Rispah akafungua kompyuta. "How do you spell it, Babu?"

Nikamtajia hilo jina herufi moja moja, vile Dorina mwenyewe alinifundisha. Akaliandika ukurasa wa kwanza, pale pa shukrani.