Beji ya Kagwe

Nimechoka kueleza habari hii, lakini basi, nieleze mara ya mwisho. Kosa lilikuwa langu. Mimi Waithira, muuza vifungo soko la Ruiru, ndimi niliyeitandaza ile beji kwenye gunia langu.

Mume wangu Kagwe aliitoa vitani Abisinia, kwa Mtaliano mmoja aliyesalimu amri. Ilichorwa shoka lililofungwa pamoja na fimbo. Mimi niliona pini nzuri ya kitambaa cha kichwa. Siasa ningejulia wapi?

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Emajensi, serikali ya wazungu ikipigana na watu wa msituni. Sheria ilisema ukionyesha au kuuza alama ya chama haramu, miezi sita jela. Homgadi Absalom, mgambo wa serikali, akaiokota.

"Shoka na fimbo! Hii ni ya kiapo cha msituni. Ya nani?"

Nami na mdomo wangu huu! "Ya mume wangu."

Wakamtoa Kagwe shambani, wakamtia ndani ya seng'enge pale kambini kwao. Akiulizwa, kimya. Ngai, alinikasirisha! Si aseme tu alikuwa askari wa Kingi wa Waingereza? Nikakimbia nyumbani, nikafukua mkebe aliouzika chini ya ghala la mahindi, nikatoa karatasi yake ya jeshi. Alishanikataza kuigusa. Nilidhani ni ukaidi wake.

Nilipomkabidhi afisa mzungu ile karatasi, Kagwe alinitikisia kichwa kutoka ndani ya seng'enge. Nikajifanya sioni.

Afisa alisoma, akaitazama beji, akacheka. "Absalom, mjinga wewe! Hii ni ya Mafashisti wa Italia. Tuliwamaliza zamani." Akanirushia. "Haina kosa."

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Lakini afisa alikuwa bado anasoma, na kicheko kimeisha.

"Sajini. Mwalimu wa bunduki." Akamgeukia Kagwe. "Na hawa wa msituni, nani anawafundisha?"

Hakungoja jibu. Kagwe akapandishwa lori la Thika, aende kizuizini, bila kesi, bila tarehe ya kurudi.

Akipita karibu yangu aliniambia polepole, "Mama Idah, ungeniacha nifungwe ile miezi sita."

Hata hasira hakuwa nayo. Afadhali angenitukana.

Huu ni mwaka wa nne. Beji ninayo. Naivaa sokoni, na hakuna anayeniuliza.