Viti Vinavyoshangilia Uongo

"Muongo! Baba yako aliuzishaka samaki wa ziwa tu, hakununuaka hata dirisha ya hapa!" Mama Fanny alimkatiza Josaphat.

"Unyamaze kwanza, mama. Siye tuko mbele ya shefu."

Walikuwa jukwaani, katika ukumbi wa zamani wa tamthilia wa Nyakasanza, mjini Bunia. Mama Fanny aliongoza kikundi cha waigizaji kilichofanyia mazoezi humo. Josaphat, mfanyabiashara wa bia, alitaka kuugeuza ukumbi depo, ghala la bia zake. Shefu wa mtaa aliketi mstari wa mbele ili aamue ukumbi ni wa nani, na waigizaji walisimama kando ya jukwaa.

Josaphat aliendelea. Alisema Mbelgiji aliyeujenga alimwachia baba yake ukumbi huku akilia. Viti vitupu vilipiga makofi. Mbao za kukalia ziliinuka na kushuka, pa, pa, pa, kama zilivyomfanyia siku zote mtu aliyeigiza vizuri. Mama Fanny mwenyewe alipigiwa kila Jumapili, akiwa ndani ya mchezo. Shefu alingoja zitulie.

"Umesikia, shefu? Vinamushangilia," Mama Fanny alisema.

"Kiti hakina kadi ya uchaguzi, hakiwezi kuwa shahidi. Zamu yako, mama."

Mama Fanny alieleza bila madoido. Wazungu walijenga, wakamkataza mtu mweusi kupita mlango wa mbele. Baadaye ukawa sinema, kisha ghala la wenye bunduki. Vita vilipopungua, paa lilikuwa limeibwa. Akina mama wa kikundi walichoma mandazi, wakanunua mabati, wakayapandisha wenyewe.

Hakuna kiti kilichotikisika.

Shefu alisimama. Viatu vyake vilikuwa vipya, vya aina ileile aliyovaa Josaphat.

"Nimechunguza kesi hii bila kupendelea mtu," alisema.

Ukumbi mzima ulilipuka. Hata viti vya roshani, vilivyoshikwa na kutu, vilijitahidi. Shefu alilazimika kupaza sauti ili hukumu isikike: kuta na kiwanja ni vya Josaphat, kikundi kihame leo.

"Kuta na kiwanja," Mama Fanny alisema. "Njo umesema hivyo?"

"Ndiyo, njo nimesema hivyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, mama. Uende sasa."

Mama Fanny alimgeukia Viviane, mwigizaji mwenzake. "Leta ngazi. Mupangaji akihama, anabeba bati zake. Kila mutu wa Bunia anajua."

Alikaza kitenge, akatoka, akapanda paani na nyundo, na bati la kwanza lilikuwa chini kabla Josaphat hajafika mlangoni kumzuia.